Tafakari ya Juma: Onesimo Hakuandika Barua





Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mzee mmoja kutoka kigango chetu cha mbali alinifuata sakristia akiwa amekumbatia kopo la bati. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja, imekunjwa mara nne na kuchanika penye mikunjo, maandishi ya Kijerumani, mhuri wa serikali ya kikoloni, na mwaka 1907. Ilikuwa barua ya uhuru ya bibi yake, mama yake baba yake. Akaniuliza swali moja tu: "Baba Paroko, niichome?"

Nikamwuliza sababu. Mjukuu wake ameposa, na tangazo la kwanza la ndoa limekwisha kusomwa. Mara minong'ono ikaanza: kwamba ukoo ule si watu wa hapa, kwamba wazee wao walinunuliwa, kwamba hata karatasi ya kuthibitisha ipo. Wazee wa upande wa binti wakatuma mtu kuuliza. Wazee wa upande wa kijana wakakaa kikao, wakaamua karatasi iteketezwe, na atakayeuliza tena aambiwe ni uzushi. Mzee huyu peke yake ndiye aliyesita. Akiwa mtoto alimwona bibi yake akiitoa karatasi ile kila mwaka, akiianika juani kidogo isiliwe na mchwa, kisha akiirudisha mahali pake. Hakujua kusoma, lakini aliitunza hivyo mpaka alipofariki.

Nilimwomba mzee anipe juma moja. Tafakari hii ndiyo jibu langu, na kwa kuwa baadhi ya walioshauri kuchoma ni wasomaji wa ukurasa huu, nalitoa mbele ya wote. Karatasi ile isichomwe. Tena walioomba ichomwe, na waliotuma mjumbe kuuliza, wote kwa pamoja wamemwekea aibu mtu asiyestahili aibu.

Tuanze na karatasi yenyewe. Wengi tulifundishwa shuleni kwamba utumwa uliisha soko la Unguja lilipofungwa mwaka 1873. Sivyo. Kilichopigwa marufuku mwaka ule ni soko na usafirishaji wa watumwa baharini. Kummiliki mtu kuliendelea. Huko Zanzibar sheria iliacha kuutambua utumwa mwaka 1897. Huku bara Wajerumani hawakuufuta kamwe. Walitoa barua za uhuru, mtu mmoja mmoja: kwa aliyejikomboa kwa fedha yake, kwa aliyekombolewa na mwingine, kwa aliyeachiliwa na bwana wake, au kwa aliyefika mbele ya ofisa na kuonyesha kwamba ametendewa ukatili. Mwaka 1904 wakaamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 wawe huru, na wazazi wa watoto hao wakabaki vilevile walivyokuwa. Ni mwaka 1922 tu ndipo utawala wa Kiingereza ulipoufuta utumwa katika Tanganyika kwa sheria. Barua zilizotolewa katika miaka ya Wajerumani zinahesabika kwa makumi ya maelfu. Kwa hiyo ndugu zangu mnaonong'ona, fanyeni hesabu. Makumi ya maelfu ya watu hawakuyeyuka. Walioa, wakaolewa, wakazaa, na wajukuu wao wamo katika mabenchi yetu, wengine katika mabenchi ya wale wanaonong'ona.

Kijerumani changu ni haba. Mtawa mmoja alinisaidia kusoma. Karatasi inataja jina la yule mama. Inamwita Mmanyema. Inamtaja aliyekuwa bwana wake na rupia zilizolipwa. Haisemi alizaliwa kijiji gani, mama yake aliitwa nani, alitembea siku ngapi mpaka kufika nchi hii, wala fedha ile aliipataje. Aliyeandika ni karani wa serikali, na karani huandika anachotakiwa kuandika.

Barua nyingine ya jamii hiyohiyo tunaisoma altareni, Dominika ya 23 ya Mwaka C. Ni barua ya Mtume Paulo kwa Filemoni, iliyo fupi kuliko zote alizotuachia. Mada yake ni mtumwa aitwaye Onesimo, na jina hilo maana yake ni mwenye kufaa; Paulo, ijapokuwa yumo kifungoni, anapata nafasi ya kulichezea jina hilo. Anamwomba Filemoni ampokee si kama mtumwa tena bali kama ndugu mpendwa. Anaahidi kwa mkono wake mwenyewe kulipa deni lolote. Barua nzuri, isiyochuja. Lakini isomeni tena mkiwa nyumbani, mtafute ni wapi Onesimo anaposema. Hasemi. Tunajua Paulo anahisi nini, tunajua Filemoni anatarajiwa kufanya nini. Onesimo ndiye anayejadiliwa. Na huenda yeye mwenyewe ndiye aliyeibeba barua ile hadi Kolosai, akiwa na hatima yake mfukoni katika maneno ya mtu mwingine.

Kanisa la kwanza, hata hivyo, lilifanya jambo ambalo wazee wa posa hii wameshindwa kulifanya. Halikuichoma barua. Halikusema kwamba kumtaja Onesimo kutamwaibisha yeye na jamaa zake. Baadaye Mtakatifu Inyasi wa Antiokia, katika barua yake kwa Waefeso, anamtaja askofu wao kwa jina la Onesimo, na wapo wanaodhani kwamba ni yuleyule. Iwe ni yeye au siye, jina la mtumwa lilikuwa jina ambalo askofu aliweza kulibeba bila kuinamisha kichwa.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walihamia Bagamoyo kutoka Zanzibar, ambako misheni ilianzishwa mwaka 1860 na Padre Armand Fava aliyetokea kisiwa cha Réunion. Walinunua watoto sokoni ili kuwaweka huru, wakawatunza, wakawafundisha, wakawabatiza. Padre Antoine Horner na wenzake waliandika barua nyingi kwenda Ulaya, zikachapwa katika magazeti ya misheni, na Wakatoliki wa huko, hata watoto wadogo kwa njia ya Shirika la Utoto Mtakatifu, wakatoa sarafu zao. Sina ugomvi na sarafu hizo. Zilinunua uhuru wa watu wenye damu na nyama, na mtu aliyekaa salama katika karne nyingine asikimbilie kuwahukumu waliokuwa sokoni pale.

Ugomvi wangu ni na jinsi tunavyozisoma barua hizo leo. Barua ya kuomba msaada ina sheria zake. Mtoto lazima alie, kisha acheke, kisha abatizwe. Mwaka 1870 kilichapwa Paris kitabu cha Monsinyori Gaume kuhusu Suema, msichana aliyefukiwa angali hai huko Zanzibar akaokolewa na misheni. Anayesema "mimi" katika masimulizi yale ni msichana, lakini kalamu ilishikwa na wengine, na kila ukurasa unajua ni nani anayesomewa. Kisichoandikwa sana ni kwamba watoto wale walikua wakilima mashamba ya misheni kwa mlio wa kengele, wakaozeshwa kwa mpango wa misheni, na kwamba wapo waliochoka wakatoroka. Kisha familia zao zikapelekwa bara, Mhonda mwaka 1877, Morogoro baadaye, ziwe mbegu ya Kanisa. Familia hizo zilitangulia. Katika sehemu kubwa ya njia iliyoiingiza Injili bara, Mkristo wa kwanza ambaye wenyeji walimwona akichota maji, akigombana na mkewe, akizika mtoto na kuendelea kusali, alikuwa mtu aliyekuwa mtumwa.

Mwaka 2018 tuliadhimisha jubilei ya miaka 150 ya uinjilishaji. Vijitabu vikachapwa kila mahali. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya kijitabu kimojawapo, na naungama hapa: tuliweka picha za maaskofu na za mapadre wazungu wenye ndevu ndefu, kila mmoja na jina lake, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, halafu tukaandika mstari mmoja kuhusu "watumwa waliokombolewa". Hakukuwa na jina hata moja. Hakuna aliyeuliza, nami sikuuliza.

Mtasema labda hawakuandika chochote, tungewatajaje? Si kweli kwamba wote walikuwa bubu. Pale walipopata kalamu, waliandika, na tofauti inaonekana mara moja.

Mnamo Oktoba 1873 Luteni Cameron, Mwingereza, alikuwa Unyanyembe, karibu na Tabora, akiwa mgonjwa. Akaletewa barua na Chuma, aliyekuwa amefunguliwa minyororo akiwa kijana mwaka 1861. Mwandishi wa barua alikuwa Jacob Wainwright, Myao, mtumwa wa zamani aliyesomeshwa Nasik kule India. Waliidhani kambi ile ni ya mwana wa Dk. Livingstone, na barua ikaandikwa kwake. Inasema kwa ufupi kwamba baba yako amefariki ng'ambo ya nchi ya Wabisa, nasi tunauchukua mwili wake. Kumi kati yetu wamepotea. Tuna njaa, tunaomba nguo za kununulia chakula. Tena tujulishe, tutakapoingia mjini tupige bunduki au tusipige. Na kama ndiyo, tuletee baruti.

Ndugu msomaji, linganisha barua hiyo na zile za kuomba sarafu. Hakuna anayelia humo. Ni barua ya mtu aliye kazini, mwenye wenzake wa kulisha na heshima ya marehemu ya kulinda, anayetaka kujua utaratibu wa kuingia mji. Cameron aliwashauri wauzike mwili palepale. Wakakataa. Wakaubeba mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na mwili ukalazwa katika misheni yetu. Afisa wa Kiingereza aliyetoka Zanzibar akaupokea, akawalipa mishahara yao, basi. Wainwright alikwenda nao mpaka London kwa sababu Waanglikana wa CMS walimlipia nauli, akawa miongoni mwa waliolishika jeneza Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Jiwe la kaburi lile linasema kwamba Livingstone aliletwa na mikono minyofu kupitia nchi kavu na bahari. Mikono tu. Wainwright alirudi Afrika, akafariki Urambo mwaka 1892, na mkijaribu kuwauliza vijana wetu wa kidato cha nne alikuwa nani, mtapata jibu gani?

Marekani nako kuna barua ninayopenda kuirudia. Agosti 1865, vita vya huko vilipokwisha, bwana mmoja wa Tennessee alimwandikia mtumwa wake wa zamani, Jourdon Anderson, aliyekwisha hamia Ohio, akimwomba arudi kumfanyia kazi. Anderson alijibu kwa kumwambia mtu aandike. Kwa adabu zote akapiga hesabu: yeye miaka 32 kwa dola 25 kila mwezi, mkewe Mandy miaka 20 kwa dola 2 kila juma, jumla dola 11,680, wapelekewe kwanza ndipo waamini kwamba bwana amebadilika. Huyu naye halii. Anadai ujira. Mtume Yakobo angemwelewa vizuri sana.

Nawataja hawa wawili kwa ajili ya karatasi ya kopo. Yule mama hakuacha barua yake. Lakini aliyeanika karatasi juani kila mwaka kwa miaka yote ile alikuwa anasema kitu, na sidhani kwamba alikuwa anasema "naona aibu".

Sasa wale waliotuma mjumbe. Mimi si Mgogo kwa kuzaliwa, kwa hiyo mnivumilie kama ndugu. Mnasema utumwa ulikuwa mambo ya pwani, mambo ya Waarabu, nasi watu wa nyanda za kati tulikuwa watazamaji. Misafara ilipita wapi? Kutoka Mpwapwa ilivuka Marenga Mkali, nchi isiyo na maji, ikaingia Ugogo, ikatoka kuelekea Mgunda Mkali na Unyamwezi. Wengi wa wapagazi, na hili husahauliwa hata na waandishi wa vitabu, walikuwa Wanyamwezi walio huru waliolipwa ujira wao. Lakini pamoja nao walitembea watu wenye kongwa shingoni. Na watemi wa Ugogo walitoza hongo kwa kila msafara, hongo ya njia na ya maji. Nguo ile ya hongo haikuuliza ni nani aliyefungwa nyuma ya msafara. Wasafiri wa karne ile waliandika pia kwamba wenyeji walikuwa na pembe za ndovu, na kwamba baadhi walizibadilisha kwa watu. Walionunuliwa wakakaa. Wakalima, wakachunga, wakaolewa, wakawa shangazi na babu za watu.

Tena Mkatoliki mwenzetu, Mathias Mnyampala, alipotoa kitabu chake cha historia ya Wagogo mwaka 1954, alionyesha ukoo baada ya ukoo jinsi wazee wao walivyokuja kutoka huku na huku: Uhehe, Unyamwezi, Ukimbu na kwingineko. Kumbe sote tumekuja. Wengine walikuja wakifuata ng'ombe, wengine wakikimbia njaa, na wengine wamefungwa kamba. Sasa niambieni, kati ya hawa, ni yupi aliyefanya dhambi kwa kuja?

Najua pia wapo watakaofurahia tafakari hii kwa sababu mbaya. Watachukua habari ya utumwa wawapige nayo jirani zetu Waislamu. Nawazuia mapema. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland, Marekani, waliuza watu 272, wazee na watoto wachanga wakiwemo, wakapelekwa Louisiana, na sehemu ya fedha ikaokoa chuo chao cha Georgetown kilichokuwa na madeni. Watu wale walikuwa Wakatoliki waliobatizwa na mapadre wale wale. Mwaka uliofuata, 1839, Papa Gregori wa Kumi na Sita alilaani biashara ya watumwa kwa maandishi. Barua za mauzo zilihifadhiwa, pamoja na orodha ya majina. Hakuna aliyezichoma, ingawa zilikuwa aibu tupu, na aibu ya kweli, maana ni ya waliouza. Kwa majina yale wajukuu wa waliouzwa wamepatikana. Mwaka 2017 shirika na chuo wakaomba msamaha mbele yao, na jengo mojawapo, lililokuwa na jina la padre aliyeuza, likapewa jina la Isaac Hawkins, mtu wa kwanza katika orodha ile.

Hebu fikirini kama yupo mtu ambaye, kwa nia njema ya kulinda heshima ya familia, angaliichoma orodha ile.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, ambaye sanamu yake ipo katika nyumba nyingi za hapa, alitekwa akiwa mdogo mno kule Darfur, hata akalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita ni jina alilopewa na watekaji. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu mwaka 2000, na tunamheshimu tarehe 8 Februari. Mama huyohuyo anayemwashia Bakhita mshumaa ndiye anayemnong'oneza shoga yake kwamba kijana yule asiolewe na binti yao kwa sababu bibi wa babu yake alinunuliwa. Ningeelewa kama angechagua moja.

Mmoja wa wajumbe wa Baraza la Walei aliponisikia nimeanza kuandika haya alinionya, kwa heshima: "Padre, makaburi hayafukuliwi." Ni neno la hekima mahali pake. Lakini kaburi hili halikufukuliwa na mimi. Limefukuliwa na walioenda kuuliza nani alimnunua nani, tena si kwa ajili ya kumwombea marehemu, bali kuvunja uchumba. Mlipolifungua mlikuta mama mmoja aliyetembea kutoka Manyema, akatumikia bure, akajipatia au akapatiwa rupia za uhuru wake, akazaa, akawaleta watoto wake ubatizoni. Mlitaka kukuta nini?

Jina lake sitaliandika hapa. Nimedai majina katika kurasa hizi zote, lakini hili ni la familia, na familia haijanipa ruhusa. Nimeomba tu kwamba, ikiwa watakubali, liingizwe katika kitabu chetu cha marehemu wa mwezi wa kumi na moja, lisomwe pamoja na mengine.

Na kwa wale waliouliza kama Kanisa linaona kizuizi: nimetazama. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilikuwa bado na kipengele kuhusu mtu huru aliyefunga ndoa na mtumwa akidhani kwamba ni mtu huru. Ndoa hiyo haikuwa halali. Kilimhusu mtu aliye mtumwa wakati wa ndoa. Hakikumhusu mjukuu, wala kitukuu. Katika Sheria za mwaka 1983, zinazotuongoza sasa, kipengele hicho hakimo kabisa.

Mzee alirudi jana jioni kuchukua kopo lake. Nimemfungia karatasi katika bahasha ya plastiki, mchwa wasiifikie. Tangazo la pili la ndoa litasomwa Dominika hii katika Misa zote mbili, na la tatu Dominika ijayo. Mwenye kujua kizuizi cha kweli afike ofisini, saa za kazi anazijua.

Wenu katika Kristo,
Paroko